Ufa wa faibaglasi hauzibwi kwa nyundo

Chevrolet Corvette, gari la michezo lenye bodi ya faibaglasi, lilianza kuundwa Marekani mwaka wa 1953. Mtaani Bulla Pesa, mjini Isiolo, gari kama hilo ni nadra, lakini vifuniko vingi vya pikapu ni vya malighafi iyo hiyo, na hutengenezwa vivyo hivyo vikiharibika.

Faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini. Haishiki kutu wala haibonyei kama bati, ikigongwa hupasuka. Nyundo huizidishia nyufa, na moto wa kuchomelea huiteketeza. Kosa lililozoeleka ni kupaka filla juu ya ufa na kuishia hapo: gari likitikisika barabarani, ufa hurudi na kuipasua rangi mpya.

Fundi hodari huufuata ufa hadi unapoishia, akazichonga kingo kwa mteremko mpaka nyuzi zionekane. Hubandika vipande vya mkeka wa nyuzi vilivyolowa resini, hasa upande wa ndani ukifikika, akifukuza viputo vya hewa kwa brashi. Filla, msasa laini na rangi hufuata resini ikishakauka.

Resini ya poliesta huchanganywa na kigandishi, aghalabu asilimia 1 hadi 2. Joto huharakisha kuganda, hivyo jua la adhuhuri la Isiolo laweza kuigandisha ingali mkebeni. Asubuhi ni afadhali. Kigandishi kikiruka jichoni chaweza kupofusha, na vumbi la kioo hudhuru kifua. Miwani, glavu na barakoa hununuliwa kabla ya resini yenyewe.