Rangi ya maji: Albert na Antoinette Lubaki, wachoraji wa Bukama

Hapa Uvira kila mtu anajua maji yanafanya nini kwa karatasi. Munamo mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipofurika, nyumba nyingi zilibomoka, na karatasi iliyoingia matope haisomeki tena. Lakini kuna uchoraji unaotegemea vyote viwili, maji na karatasi. Ni rangi ya maji, wengine wanaita akwareli.

Katika inchi yetu, watu wa kwanza kujulikana kwa kazi hiyo ni Albert Lubaki na bibi yake Antoinette, wa Bukama, kule Katanga. Albert alikuwa mchongaji wa pembe za ndovu. Kule watu walikuwa wanachora kwenye kuta za nyumba, na kila mvua ilikuwa inafuta. Munamo mwaka 1926 mtumishi wa serikali ya kikoloni, Mbelgiji Georges Thiry, aliona michoro ile, akawapa karatasi na rangi ya maji ili kazi idumu. Wakachora wanyama, ndege, miti na watu.

Kazi za Albert zilionyeshwa Bruxelles mwaka 1929, na Genève mwaka 1930. Yeye mwenyewe alibaki huku. Kisha jina lake likasahaulika kwa muda mrefu. Mwaka 2015, maonyesho ya Fondation Cartier, Paris, kuhusu uchoraji wa Kongo, yalianza hesabu yake na mwaka ule ule wa 1926, na kazi za Albert na Antoinette zilikuwemo. Lakini ili uzione, ilibidi ufike Ulaya.

Je, rangi hii inatumika namna gani? Ni rangi inayoyeyuka ndani ya maji. Maji mengi, rangi inakuwa nyepesi. Maji kidogo, inakuwa nzito. Mwangaza ni weupe wa karatasi yenyewe. Kwa hiyo ukichora jani la mgomba lenye kupitisha jua, unaanza na rangi nyepesi, unangoja ikauke, ndipo unaongeza nzito. Ukikosea mwanzoni, ni vigumu kurudi nyuma.

Mwenye kuchora ao mwenye mtoto anayechora, andika nyuma ya karatasi jina, mwaka na mahali. Iweke pakavu, juu, mbali na jua. Karatasi za Bukama zilidumu kwa sababu zilitunzwa. Za kwetu tuzitunze sisi wenyewe.