Kutoa ni Moyo: Ruzuku na Majirani wa Upanga

Mgonjwa akilazwa katika Hospitali ya Muhimbili, pale Upanga Magharibi, ndugu zake wanaweza kuelekezwa wamtafute Mwaisela, Kibasila au Sewahaji. Ni majina ya majengo ya wodi, na watu huyatamka kila siku bila kuuliza asili yake. Wengi hudhani Sewahaji alikuwa daktari. Hakuwa daktari. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, Mhindi aliyetajirika kwa kugharimia misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu, naye alifariki mwaka 1897 akiwa bado hajatimiza miaka 50.

Kabla ya kufa kwake alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Aidha, alitoa jengo la shule Bagamoyo, na kwa sharti kwamba lisiwe la Wazungu peke yao. Mali yake isiyohamishika aliiacha mikononi mwa serikali ya Kijerumani, akaagiza kwamba pango lake litumike kuwapatia wagonjwa wa ukoma chakula na nguo, na kuwasaidia wagonjwa maskini. Wakati ule Wazungu walikuwa na hospitali yao ya Ocean Road. Hospitali ya Sewa Haji iliwatibu Waafrika na Wahindi kwa zaidi ya nusu karne, hadi ilipofunguliwa Hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ile ambayo baada ya Uhuru tuliiita Muhimbili. Jengo la zamani halipo tena, lakini jina lilihamia Upanga pamoja na wagonjwa.

Nimeanza na mtu huyu kwa sababu siku hizi tukisikia neno ruzuku tunafikiri ni jambo lililoletwa na wafadhili wa kigeni pamoja na magari yao na semina zao. Ukweli ni kwamba jambo hili tunalo pwani tangu zamani. Wazee waliliita wakfu. Mtu hutenga shamba la minazi au nyumba, akasema isiuzwe wala isirithiwe, bali nazi zake au pango lake liwasaidie watu fulani. Mnazi unabaki shambani na nazi ndizo zinazoliwa. Mwenye kulielewa hilo ameshaelewa nusu ya elimu yote ya mifuko ya jamii.

Nusu ya pili ilifikiriwa na mtu wa benki huko Cleveland, Marekani, aliyeitwa Frederick Goff. Mwaka 1914 alianzisha mfuko uliokusanya mali za watu wengi wa mji mmoja, ukaziwekeza, kisha kamati ya wenyeji ikagawa faida yake kwa shida za mji huo. Goff alikuwa ameona wosia za matajiri zikiendelea kuamuru kutoka kaburini, hata pale ambapo shida aliyoikusudia marehemu imekwisha na nyingine imezuka. Kwa hiyo akaweka watu walio hai, wanaoijua mitaa yao, waamue kila mwaka fedha ziende wapi. Hapo ndipo mfuko wa jamii unapotofautiana na wakfu wa mtu mmoja. Mtaji ni wa wengi, na uamuzi ni wa majirani.

Sasa tuvuke viwanja vya Mnazi Mmoja tuingie Kariakoo. Wakoloni walikuwa wameugawa mji huu kwa rangi: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka. Waafrika wa Kariakoo hawakuwa na Sewa Haji wao. Walichokuwa nacho ni mchango wa wengi. African Association ilipoundwa mwaka 1929, wanachama wake walijijengea ofisi katika Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, kwa michango na kwa nguvu za mikono yao wenyewe. Ni katika nyumba hiyo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1933 Waislamu wa mji huo waliunda Al Jamiatul Islamiyya, nayo ikawa na shule Kariakoo kwa watoto ambao serikali haikuwajali. Pamoja na hayo palikuwa na vyama vya kuzikana na vya watu wa kabila moja, ambavyo mgeni asiye na ndugu mjini alivitegemea akiugua au akifiwa.

Upanga nao ulikuwa na njia yake. Mwezi Agosti 1946 Waismailia wa Afrika Mashariki walimpima Aga Khan wa Tatu kwa almasi hapa Dar es Salaam, na Ukumbi wa Diamond Jubilee uliopo Upanga unaikumbusha jubilei hiyo kwa jina lake. Wasiojua huikumbuka kama sherehe ya anasa. Lililo muhimu ni kilichofuata: thamani ya almasi hizo ilirudishwa kwa jumuiya, na kutokana nayo ukakuzwa mfuko wa uwekezaji ulioitwa Diamond Jubilee Investment Trust. Mfuko huo ulikopesha. Mwenye duka dogo aliweza kupanua biashara, na familia nyingi za kawaida zikapata nyumba, zikiwamo zile zilizoota Upanga katika miaka ya 1950. Mkopo ukirudi, ulimfaa mwingine.

Aga Khan huyo huyo alianzisha mwaka 1945 jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana kama East African Muslim Welfare Society. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza hata kwa mtoto wa darasa la tatu: ninyi Waislamu wa Kiafrika mkichanga shilingi moja kwa ajili ya msikiti au shule yenu, nayo italeta shilingi nyingine. Asiyechanga hapati. Nimesoma taratibu nyingi za wafadhili wa baadaye, zenye kurasa na kurasa, lakini sijaona nyingi zilizoipita hiyo kwa busara. Mtu aliyetoa shilingi yake hakubali shule iachwe ibomoke, wala hakubali mhasibu aile.

Lakini tusifiche kasoro. Misaada mingi ya zama zile ilitembea ndani ya kuta. Mwismaili alimsaidia Mwismaili, Mbohora alimsaidia Mbohora, Mzaramo Mzaramo mwenzake. Kutoka Upanga hadi Kariakoo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini fedha zilikawia sana kuuvuka Mnazi Mmoja. Ndiyo maana, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilipoamua kwamba huduma ni za wote, wananchi wengi waliunga mkono. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule za mashirika. Shule ya Aga Khan pale Upanga ikawa Tambaza, na mtoto wa Kariakoo akakaa dawati moja na mtoto wa Upanga. Hilo lilikuwa jema kubwa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majengo mengi ya Upanga yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Jumuiya ile ya ustawi wa Waislamu ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku mwaka 1968.

Tulipata usawa, ila tulipoteza kitu ambacho hakikuandikwa katika gazeti lolote la serikali. Watu walipoteza desturi ya kujiuliza jirani anahitaji nini, kwa kuwa lilikuwapo jibu moja kwa kila swali: serikali itafanya. Uchumi ulipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1970 na serikali ikashindwa kufanya, wengi wetu tulikaa tukisubiri.

Miaka ya 1990 ilileta asasi zisizo za kiserikali kwa wingi, na mwaka 2002 ilitungwa sheria ya kuzisimamia. Mwaka huo huo ilianzishwa Foundation for Civil Society, taasisi ya Kitanzania inayopokea fedha za wahisani na kuzigawa kama ruzuku kwa asasi za kiraia za Bara na Visiwani. Kwa miaka kadhaa ofisi zake zilikuwa Haidery Plaza, pale Barabara ya Upanga inapokutana na Mtaa wa Kisutu. Kwa maana ya Goff huo haukuwa mfuko wa jamii, kwani mtaji ulitoka nje. Lakini ulifanya jambo ambalo balozi isingeweza kulifanya: uliwafikia watu wa wilayani, vikundi vya walemavu, wajane na wakulima, ukawapa wachanga ruzuku ndogo na waliokomaa kubwa zaidi, na kuwafundisha kutunza vitabu vya hesabu.

Ugumu wake nimeuona mwenyewe baada ya kustaafu. Karibu na ninapoishi kuna kikundi cha akina mama wanaowapikia uji watu waliotoka mikoani kuuguza wagonjwa Muhimbili, wale wanaolala nje kwa kukosa mwenyeji mjini. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, waliniletea fomu ya mfadhili mmoja niwasomee. Ilikuwa ya Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, ikitaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Wao walikuwa na daftari moja la mistari, limeandikwa kwa kalamu za rangi tatu, kila senti na jina la aliyeitoa. Walikataliwa. Baadaye mfuko mwingine mdogo ulimtuma kijana, akaketi nao kibarazani, akalipitia daftari lile ukurasa kwa ukurasa na kusema, "Mama, hizi ndizo hesabu." Masharti yake yalikuwa wao wachange sehemu ya fedha na yeye arudi baada ya miezi sita. Walipata masufuria makubwa, majiko ya gesi na akiba ya unga. Uji unapikwa hadi leo. Ruzuku hiyo haikuwa kubwa, ila aliyeitoa aliwajua anaowapa.

Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 1997 walianzisha Kenya Community Development Foundation, wakauingiza moyo wa harambee katika taratibu za mfuko. Jumuiya inayotaka kusomesha watoto wake hukusanya fungu lake, mfuko huongeza, na sehemu ya fedha hizo huwekezwa ili faida yake ilipe karo za miaka ijayo. Huo ni mnazi na nazi zake. Sisi pia shilingi kwa shilingi tunaijua: tulipojenga shule za kata kuanzia mwaka 2004, mara nyingi wananchi walipandisha kuta na serikali ikaezeka. Tulichokosa ni kuacha kitu shambani baada ya jengo kukamilika.

Upungufu huo umetuuma mwaka 2025. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Miradi iliyozoeleka kwa miaka ilifunga milango kwa barua ya ukurasa mmoja. Sisemi haya kumlaumu mtoaji, kwani mali ni yake. Nasema kwamba mti uliopandwa katika shamba la mwingine hukatwa siku mwenye shamba atakapo.

Je, sisi hatuna? Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu walikuwa juu ya kifusi wakichimba kwa mikono kabla mitambo haijafika, na wengine walileta maji na chakula bila kuombwa. Kila wiki Upanga na Kariakoo huchanga mamilioni ya shilingi kwa ajili ya harusi, na kamati zake zina mwenyekiti, mweka hazina na daftari la ahadi lisilomsamehe mtu. Moyo tunao, na hata utaratibu tunao. Harusi ikiisha kamati inavunjwa, na salio, likiwapo, huliwa katika kikao cha kuvunja kamati.

Ningependa kuiona kamati moja ya namna hiyo isiyovunjwa. Iwe na watu wa Upanga na wa Kariakoo pamoja, wa misikiti, makanisa, mahekalu na jamatini, mwenye duka la jumla na mama wa uji. Kila harusi iweke fungu dogo, fedha hizo ziwekwe katika hati fungani za serikali, na kila Januari, shule zinapofunguliwa, faida yake itolewe kwa watoto waliokwama na kwa wanaouguza. Mwaka wa kwanza huenda ikamsaidia mtoto mmoja tu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nao hawakutaja kiasi.