Vichokonoo vya kufuli vya kutembea navyo mfukoni: kipi uchague, na kwa nini vyangu vinalala nyumbani

Wadau, wengi mmeniuliza ishu ya vile vyuma vidogo vya kufungulia kufuli bila ufunguo. Mimi naviita vichokonoo. Msivichanganye na ufunguo malaya, ule ni ufunguo mmoja unaofungua vitasa vingi.

Kwanza uelewe kufuli la kawaida linavyofanya kazi, maana bila hapo utachokonoa mpaka asubuhi. Ndani kuna silinda inayozunguka, na juu yake kuna pini zimepangwa mbili mbili, zinasukumwa na springi. Ufunguo sahihi unainua kila jozi mpaka maungio ya zile pini mbili yakae sawasawa na ukingo wa silinda, ndipo inazunguka. Sasa kiwandani matundu ya pini hayatobolewi kwa mstari ulionyooka kabisa. Ukiikaza silinda kidogo kama unataka kuizungusha, pini moja inabanwa kabla ya nyingine. Unaiinua hiyo, unasikia "tik", unahamia inayofuata. Siri yote ni hiyo, na ni ya zamani: mwaka 1851 kwenye maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli la Bramah lililoaminika kuwa halifunguki. Lilimchukua saa 51, siku 16!

Kwa hiyo seti ya mfukoni haihitaji vyuma 20. Ndoano fupi moja, kimoja chenye mawimbi mawimbi cha kusugulia pini zote kwa pamoja, na vyuma viwili vya kukazia, chembamba na kinene. Basi. Wengi wanahangaika na ndoano wakati kosa lao liko kwenye kukaza, wanakaza kama wanafungua nati ya baiskeli. Unene wa milimita 0.6 unatosha kwa kufuli nyingi, ila tundu likiwa jembamba tafuta 0.4. Vile vya kukunja kama kisu vinapendeza kwa macho, lakini skrubu ikilegea kidole hakisikii kitu. Mimi sivipendi.

Kutengeneza mwenyewe inawezekana. Bleidi ya msumeno wa chuma ina unene wa karibu milimita 0.6 hiyo hiyo. Unasaga meno yote, unachora umbo kwa kalamu ya wino mzito, unasaga taratibu, na kila baada ya sekunde chache unachovya kwenye maji. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu, ujue umeshakiunguza, kitapinda kama waya wa hanga. Vaa miwani, tafadhali. Malizia na msasa laini kwa maji, maana chuma chenye kingo kinakwaruza pini na kukudanganya kidole. Chuma cha kukazia kipate bure: ndani ya mpira wa waipa ya gari iliyochoka kuna vipande viwili virefu vya chuma cha pua, kata, pinda ncha, kazi imeisha.

Kufuli la kujifunzia nunua wewe, la bei chee. Kama linafunguka kwa ndani, punguza pini zibaki mbili, ukizoea ongeza. Usijifunzie kwenye kitasa cha mlango unaoutumia, ncha ikikatikia ndani utalala nje. Wajerumani wana chama cha mchezo huu tangu 1997 na wanashindana kabisa, lakini wanaocheza wana sharti: kufuli lisilo lako huligusi bila ruhusa ya mwenyewe.

Sasa hapa kwenye "kutembea navyo" ndipo penyewe. Nilikuwa natembea na vyangu kwenye pochi, najiona mjanja. Siku moja saa nne usiku natoka kwa mshkaji, vijana wa ulinzi shirikishi wakanisimamisha, pochi ikafunguliwa. Mmoja akaviinua juu, akauliza kwa sauti "hivi ni vya nini?" Watu wakaanza kutoka majumbani. Wadau, mnajua neno "mwizi" likitamkwa usiku kwenye uchochoro hakuna anayesubiri maelezo ya pini na springi. Aliyeniokoa ni mjumbe, ananifahamu tangu nakwenda shule ya msingi. Nilitetemeka mpaka kesho yake.

Na hata ukifika kituoni salama, sheria haiko upande wako. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, inagusa mtu anayekutwa na chombo cha kuvunjia nyumba. Ya Tanzania nayo ina kifungu kinachofanana. Japani walitunga sheria yao mwaka 2003 dhidi ya kutembea na vifaa hivi. Fundi funguo mwenye kibanda anaweza kujieleza, wewe na mimi tutasema nini?

Ndiyo maana vyangu sasa viko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na kufuli zangu tatu. Mfukoni natembea na ufunguo wa akiba, na mwingine kaushika dada.