Kengele ya Kompyuta Yangu

Katika stoo ya nyumba yangu hapa Goba lipo sanduku la kompyuta ambalo zamani lilikuwa na rangi ya maziwa na sasa limegeuka manjano. Nililinunua Kariakoo mwaka 2001, mtumba kutoka Ulaya, wakati huo nikiwa bado mkuu wa chuo cha ualimu. Wajukuu huniuliza kwa nini silitupi. Jibu lake ni refu kidogo.

Kizazi chetu kiliifikia kompyuta kwa kuchelewa, na si kwa uvivu wetu. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, Serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Mlango ulipofunguka tena, mimi nilikuwa mtu mzima niliyezoea stensili na wino wa kuchafua vidole. Kwa hiyo nilipopata mashine yangu niliichukulia kama taipureta yenye kioo.

Kazi niliyoinunulia ilikuwa moja. Kila likizo nilikuja Goba, ambayo ilikuwa bado Wilaya ya Kinondoni, nikaketi na wazee na kuandika habari zao: nani alilima mihogo wapi, mikorosho ilikuwa ya nani, visima vilikuwa wapi na wapi walizikwa watu kabla viwanja havijaanza kuuzwa. Niliandika katika madaftari, kisha nikachapa polepole kwa vidole viwili. Madaftari yenyewe yaliliwa na mchwa, wala sikuhuzunika sana, maana yote yalikuwa ndani ya mashine.

Ndipo alipokuja mpwa wangu, kijana mwenye akili nyepesi. "Mjomba," aliniambia, "mashine hii ina nguvu kuliko unavyoitumia." Prosesa yake ilikuwa Celeron 300A, iliyotolewa na Intel mwaka 1998, na mafundi vijana waliipenda kwa sababu hiyo hiyo: iliuzwa kama ya megahezi 300, lakini nyingi zilikubali kukimbia 450 bila kuongeza hata shilingi.

Nitaeleza kwa mfano wa chuoni. Tulikuwa na kengele moja, rimu ya lori iliyoning'inizwa juu ya mwembe. Ndani ya kompyuta pia ipo kengele, nayo huongoza njia kuu ambayo mafundi huiita basi. (Jina hilo na la basi la abiria ni ndugu, yote mawili yametoka katika neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote".) Katika mashine yangu ililia mara milioni 66 na ushei kwa sekunde. Prosesa ni mwanafunzi hodari: kwa kila mlio mmoja yeye hufanya hatua nne na nusu, nazo ndizo 300. Uwiano huo wa 4.5 ulikuwa umefungwa kiwandani, haubadiliki. Kumbukumbu ni mtunza stoo anayetoa vitabu kwa kila mlio, yaani moja kwa moja. Diski, kwa upande wake, hupata habari zake kupitia tarishi, ile njia ndogo inayoitwa PCI, iliyotengenezwa kutembea megahezi 33. Yeye huondoka kila baada ya milio miwili.

Si zamani sana kila kitu kilitembea hatua moja. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, prosesa na njia yake vilitumia mdundo mmoja wa megahezi 4.77. Mwaka 1992 Intel ilileta 486DX2, iliyokwenda 66 ndani huku nje ikibaki 33, na hapo uwiano ukawa jambo la kuhesabiwa.

Kama prosesa imefungwa, njia pekee ya kuiharakisha ni kuiharakisha kengele. Mpwa wangu akaipandisha hadi 100. Mashine ikagoma kuwaka: mtunza stoo wangu alikuwa wa kiwango cha 66, na uwiano wa moja kwa moja haukumpa nafasi ya kupumua. Akaishusha hadi 83. Ikawaka, ikaenda karibu 375, na mimi nikashangilia kama mtoto.

Kosa lilikuwa hapo, na hata leo naliona la ajabu. Kengele ikilia 100, bodi ile ilibadili uwiano wa tarishi, aondoke kila baada ya milio mitatu, naye akabaki kwenye 33 yake. Kwa 83 aliendelea na ile miwili ya zamani, akalazimika kukimbia 41.5. Kwa hiyo kasi kubwa ingekuwa salama zaidi kwa diski kuliko ile ya wastani, kama tu kumbukumbu ingeweza kuifuata. Sisi tulichagua ya katikati tukidhani ndiyo ya busara.

Haikulipuka, wala haikutoa moshi. Kwa wiki tatu ilikuwa ikiharibu herufi moja moja. Siku nilipofungua faili la wazee nilikuta kurasa mbili za Kiswahili na baada yake alama zisizosomeka, na kesho yake mashine haikuwaka kabisa. Diski haikuwa mbovu. Tuliporudisha 66 na kuweka programu upya ilifanya kazi miaka minne mingine. Simlaumu kijana. Mimi ndiye mwalimu wa hesabu, na sikuuliza swali hata moja.

Miaka michache baadaye tatizo lile la mtunza stoo lilipata dawa. Mwaka 2003 bodi za Pentium 4 ziliruhusu uwiano wa 5:4, basi likipiga 200 kumbukumbu ikapiga 160. Tangu mwaka 2008, Intel ilipoanza kuhamishia udhibiti wa kumbukumbu ndani ya prosesa yenyewe, basi lile la zamani likaanza kutoweka.

Kwangu zilibaki kurasa 11 nilizokuwa nimezichapa karatasini kumwonyesha mzee mmoja, ambaye wakati mashine inaharibika alikuwa ameshafariki. Ukurasa wa 11 unaishia katikati ya sentensi, pale anapoanza kutaja makaburi yaliyokuwa karibu na kisima. Mwaka jana jirani alikuja kuniuliza habari za makaburi hayo, kwa kuwa alitaka kujenga uzio. Nikampa ukurasa. Akausoma mara mbili, akaugeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu, akanirudishia.