Unamwagilia Mchicha Kila Siku na Bado Unanyauka? Cheki Mikoko ya Mida Creek Inavyotoboa

Msee, kama unaishi Malindi, Watamu ama Kilifi na una kabustani nyuma ya nyumba, hii inakuhusu. Unateka maji kisimani, unamwagilia mchicha asubuhi na jioni, na bado majani yanalala. Unaongeza maji, yanalala zaidi. Hujarogwa. Ni chumvi.

Iko hivi. Mmea umejengwa kwa seli, vijumba vidogo sana vyenye ngozi inayopitisha maji lakini inabania chumvi. Maji huvuka kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Ukimwagilia maji matamu, yanaingia kwa mizizi na seli zinajaa kama tairi lililopigwa pampu. Hiyo presha ndiyo inasimamisha jani.

Sasa, kisima kilicho karibu na bahari kikitekwa sana, maji ya chumvi yanasogea chini kwa chini na kuingia. Udongo ukishakuwa na chumvi kuliko mzizi, mmea unashindwa kunyonya, hata unapokonywa maji uliyokuwa nayo. Tairi linaishiwa upepo. Ng'onda wa sokoni hukaushwa kwa hesabu hiyo hiyo: chumvi inavuta maji nje ya samaki.

Lakini enda Mida Creek, pale Watamu. Mikoko imesimama ndani ya bahari, kijani kibichi, na lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Mkoko wenyewe huchuja chumvi nyingi kwa mizizi. Mchu huachia kiasi ipite, halafu unaitoa kupitia majani. Lamba jani lake siku ya jua utaonja. Kuvuta maji hayo kunataka nguvu zaidi ya mara kumi ya presha ya tairi la gari dogo. Per Scholander na wenzake waliipima, wakachapisha majibu mwaka 1965.

Mchicha wako hauna hiyo mitambo, so usaidie:

- Onja maji kabla ya kumwagilia. Yakikolea chumvi, wachana nayo.
- Teka kidogo kidogo, usikaushe kisima.
- Kinga maji ya mvua za masika.
- Funika udongo kwa majani makavu. Jua likikausha maji, chumvi hubaki.

Na ukiona mtu anakata mikoko, mwambie huo mti umefanya kazi ngumu kufika hapo.