Kimihurura: Kilima, Hewa na Maisha ya Mji

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza darasani: "Mwalimu, kitabu kinasema Juni ni kipupwe, wakati wa baridi. Mbona hapa kwetu Juni ni jua na vumbi?" Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Makala haya mafupi yanajaribu kulijibu kwa njia ya historia, yakianzia Kimihurura, kilima cha wilaya ya Gasabo jijini Kigali.

Tuanze na makazi. Rwanda ya kale haikuwa na miji ya kubanana kama Lamu au Kilwa. Kila mji wa mtu, yaani urugo, ulisimama peke yake kwenye mteremko, umezungukwa na migomba na mashamba. Bonde lilikuwa la maji, malisho na kilimo cha wakati wa ukame. Mpango huo ulikuwa na hekima yake: juu kuna upepo, maji ya mvua hayatuami, na mbu ni wachache kuliko kwenye kinamasi. Kigali iko karibu nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta, lakini kwa kuwa iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wastani wa joto lake ni kama nyuzi 20 au 21 za Selsiasi. Kilima ndicho kilichotupa hewa hii.

Mjerumani Richard Kandt alipofungua kituo chake cha utawala mwaka 1907, naye alichagua kilima, Nyarugenge. Nyuma yake walikuja askari, makarani na wafanyabiashara, wakiwemo Wahindi, Waarabu na Waswahili. Kiswahili kikapanda mlima pamoja nao, na hadi leo Biryogo na Nyamirambo ni mitaa ambayo mtu hasiti kukuamkia kwa Kiswahili. Wabelgiji walipoishika nchi kuanzia 1916, makao makuu ya Ruanda-Urundi yalikuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Kigali ikabaki mji mdogo wa shamba. Ilipochaguliwa kuwa mji mkuu wakati wa uhuru, mwaka 1962, wakazi wake walikadiriwa kuwa 6,000 tu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7 katika eneo zima la jiji, ambalo mipaka yake imepanuliwa sana.

Kimihurura iko ng'ambo ya bonde kutoka Nyarugenge. Mji ulipovuka bonde, ofisi za serikali, balozi na nyumba zenye bustani zilipanda juu, Kimihurura na Kacyiru. Chini, mahali palipoitwa Kimicanga, zilijaa nyumba ndogo za watu wa kipato cha chini. Hivyo hewa ile ile ambayo zamani ilikuwa ya kila mwenye urugo ikapata bei. Kilima hiki pia kilishuhudia mwaka 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Jengo la Bunge lililopo hapo lina makumbusho ya mapambano ya kuyakomesha. Katika ujenzi uliofuata, nyumba za Kimicanga zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na wakazi wake wakahamia kwingine. Mwaka 2016 ukumbi mkubwa wa mikutano, wenye kuba linalong'aa usiku, ulifunguliwa huku juu.

Mwaka huo huo Jiji lilianzisha siku isiyo na magari, kwanza mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili. Jumapili asubuhi barabara kuu zinafungwa. Watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanatembea na watoto, na wahudumu wa afya wanapima sukari na shinikizo la damu bila malipo. Mwaka 2022 ilifunguliwa bustani ya Nyandungu, kinamasi cha hekta zipatazo 120 kilichokuwa kimeharibiwa, na sasa kina njia za miguu na baiskeli. Babu zetu walipanda mlima kwa sababu maji yalikuwa bondeni. Sisi tunaupanda ili kupunguza kitambi. Kutembea, kulikokuwa kazi, kumekuwa mapumziko.

Mimi ni mmoja wa wanaofurahia Jumapili hizo, na sitaki kuzibeza. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza: mji unaokalika ni wa nani? Aliyehamia pembezoni hupanda basi kwanza ndipo afike kwenye barabara ya kutembea. Nyandungu ina kiingilio. Barabara iliyofungwa kwa magari haina, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, ndiyo iliyo karibu zaidi na kilima cha zamani: upepo wa wote, bila lango.

Sasa turudi kwa mwanafunzi. Kipupwe ni neno la pwani, la miezi ambayo upepo wa kusi unaleta ubaridi. Miezi hiyo hiyo, Juni hadi Agosti, Mnyarwanda anaiita impeshyi: mvua imekatika, mtama umevunwa, vumbi limetanda. Itumba, kuanzia Machi hadi Mei, inakaribiana na masika. Umuhindo, Septemba hadi Desemba, inakaribiana na vuli. Urugaryi ni ukavu mfupi wa Januari na Februari. Kitabu hakikukosea. Kiliandikwa na mtu aliyekuwa anaitazama bahari.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Lugha rasmi isiyoweza kueleza mvua ya mahali inaposemwa itabaki ya mitihani. Napendekeza kwa walimu wenzangu zoezi dogo: kila mwanafunzi amwendee mzee wa kilima chao, amuulize watu waliishi wapi, walipumzika wapi na walihama kwa nini, kisha aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Akikwama kwenye neno, alilete darasani. Hapo ndipo somo litakapoanzia.