Lugha ya Mifano katika Habari za Nchi Yetu

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya lugha ya mifano, ambayo wataalamu huiita tamathali za usemi. Wengi hudhani ya kuwa lugha hii ni pambo la washairi tu. Sivyo. Katika habari za nchi yetu mna maneno ya mifano yaliyotenda kazi kubwa, na msomaji asiyeyatambua hawezi kufahamu vema mambo yaliyotukia.

Kwanza yafaa tuzitofautishe aina zake. Mtu akisema, "Mzee yule ni mkali kama simba," amelinganisha vitu viwili waziwazi. Hiyo ni tashbihi, nayo hujulikana kwa maneno kama "mithili ya" au "mfano wa". Akisema, "Mzee yule ni simba," ameliondoa neno la kulinganisha, akakivika kitu kimoja jina la kingine. Hiyo ni istiari, nayo yataka uangalifu zaidi. Akisema, "Njaa imebisha hodi," amekipa tendo la mwanadamu kitu kisicho mtu. Hiyo ni tashihisi. Tena iko ishara, yaani kitu kionekanacho kwa macho, kilichowekwa kusimamia jambo lisiloonekana.

Basi tuangalie mifano mitatu. Mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Julius Nyerere alinena juu ya kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, uangaze hata nje ya mipaka yetu. Wakati ule hapakuwa na moto wowote mlimani. Palikuwa na istiari tu. Lakini Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha mwenge kileleni. Hapo istiari iligeuka kuwa ishara, kitu ambacho mtu aweza kukiona na kukishika.

Mfano wa pili ni wa miaka ya Azimio la Arusha, lililotangazwa mwaka 1967. Mtu aliyeishi kwa jasho la wenziwe aliitwa mnyonyaji, au kupe, na njia zake za kujipatia mali ziliitwa mirija. Huku Nyansurura, mkoani Mara, mfugaji hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Anajua ya kuwa kupe hajitafutii malisho. Hujishikiza mwilini mwa ng'ombe, akanywa damu, naye ndiye aletaye ndigana kali. Istiari hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu ilitoka katika maisha ya wasikilizaji wenyewe.

Walakini hapo ndipo ilipo hatari. Kupe hafanyiwi shauri, hung'olewa, akauawa. Mtu ana haki ya kujieleza, na istiari haikumbushi jambo hilo. Tena neno lenyewe halikukaa juu ya matajiri peke yao. Baadaye lilibandikwa hata juu ya maskini wa mijini wasio na kazi, na mwaka 1983 msako wa Nguvu Kazi uliwakamata wengi wao Dar es Salaam ili wapelekwe vijijini. Sisemi ya kuwa neno moja ndilo lililoleta hayo yote. Nasema ya kuwa jina la mdudu, likisha kuzoeleka, huwarahisishia watu kutouliza habari za mwenye kuitwa hivyo.

Mfano wa tatu watoka karibu nasi zaidi. Katika Kizanaki, lugha ya watu wa Butiama, mko neno "kung'atuka". Kwa desturi, wazee wa rika moja wakisha kumaliza zamu yao huwaachia madaraka wale wa rika linalofuata. Nyerere, mwenyeji wa Butiama, alilichukua neno hilo kuelezea kuacha kwake urais, na mwezi Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akashika mahali pake. Kwa mtu wa Mara, neno hilo lilikuwa istiari: nchi nzima ililinganishwa na ukoo, na rais na mzee aliyemaliza zamu. Kwa mtu wa Tabora au Tanga, lilikuwa neno jipya la Kiswahili, lenye maana ya kuondoka madarakani kwa hiari. Twaona hapa ya kuwa neno lile lile laweza kuwa mfano kwa mmoja na neno la kawaida kwa mwingine. Tena istiari haisemi yote. Nyerere aliuacha urais, ila uenyekiti wa Chama cha Mapinduzi aliendelea nao hata mwaka 1990.

Kwa hiyo, msomaji akutanapo na neno la mfano, haitoshi kulipa jina la tashbihi au istiari, kisha akapita. Yampasa ajiulize mambo matatu: Ni kitu gani kinachosemwa kwa kweli? Kimelinganishwa na nini? Na ni jambo gani la kweli lililoachwa nje ya mlinganisho huo? Swali la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mwalimu anayewazoeza wanafunzi wake kuliuliza anawapa ulinzi wao wenyewe, kwa maana siku moja huenda wakasikia binadamu mwenzao akiitwa kupe.